Marehemu Hajamaliza Kula

Asubuhi ya siku ya tano, Bibik Gek alitoa kokwa moja ya tunda la keluak kwenye ndoo, akaigonga kwa kucha na kuisogeza sikioni. Iliitika vizuri. Kokwa ya keluak ikiharakishwa ni sumu. Ikilowekwa siku tano, kila asubuhi maji mapya, sumu huondoka ikabaki nyama nyeusi iliyo laini kama lami, na watu hutoka mbali kuja kuila. Gek alikuwa amelowesha kokwa hizo kwa miaka sitini na tisa na hakuwahi kumdhuru mtu.

Alimwaga maji ya zamani chini ya mchaichai uani, akajaza mapya ili asuuzie, kisha akakaa kwenye kigoda chake. Kigoda kilikuwa kifupi, cha mbao, na mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba. Letchumi, mwanamke wa Kihindi aliyeosha vyombo, alikisukuma kwa mguu mpaka kwenye kivuli. Alifanya hivyo kila siku bila kusema neno, na Gek alikaa kila siku bila kushukuru, maana wote wawili walishajua.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Heeren, Melaka, ndefu na nyembamba kama zilivyo nyumba zote za Mababa, wale Wachina wa Melaka wa tangu zamani, ambao mwanamume wao huitwa Baba na mwanamke Nyonya. Sebule ilitazama barabara, jiko lilikuwa nyuma kabisa, na kati yake palikuwa na vyumba viwili na ua wa kisima. Mtu wa sebuleni hakuweza kumsikia mtu wa jikoni akikohoa. Alichosikia ni mchi tu.

Kwa miaka kumi na miwili sasa nyumba hiyo ilikuwa mkahawa. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi za dhahabu: Kwa Nyonya Siok Hoon, Mapishi ya Mikono Yake. Jina hilo lilikuwa pia kwenye sahani, kwenye leso za karatasi, na kwenye mifuko ambayo wageni waliondoka nayo. Nyonya Siok Hoon alikuwa bibi mwenye nyumba, aliyefariki miaka ishirini na miwili iliyopita. Mikono yenyewe, kwa anayetaka kujua, ilikuwa ya Gek.

Gek aliletwa hapo akiwa na miaka saba, na mwanamume mwenye kofia aliyekunywa chai akaondoka. Nyonya Siok Hoon alimtazama meno, akasema ataitwa Gek. Aliambiwa kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani. Basi akawa mtoto wa nyumbani anayekula baada ya watoto wa nyumbani, jikoni, kilichobaki. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita na kila mtu alimwita Bibik, kama wanavyoitwa wanawake wote wazee wa kule. Heshima hiyo haikumgharimu mtu kitu.

"Leo utamwambia?" Letchumi aliuliza, mikono yake ikiwa ndani ya povu.

"Marehemu akishakula, nitamwambia. Mtu akitoka kusali moyo unakuwa laini kidogo."

"Huyo? Huyo hata ukimloweka siku tano halainiki, Bibik."

Gek alicheka mpaka kigoda kikalia.

Jambo alilotaka kusema lilikuwa dogo. Sebuleni kulikuwa na meza ya mababu, na juu yake ukutani zilitundikwa picha za wafu wa nyumba, kila moja na jina lake chini kwa dhahabu. Siku ya kumbukumbu ya kifo, chakula huwekwa mezani, udi huwashwa, jina huitwa, na aliyeitwa huja akala. Asiyeitwa hukaa nje ya mlango na kutazama wenzake wakila. Watu wa nyumba hiyo walijua hivyo kama wanavyojua kwamba maji hupanda moto yakitelekwa. Gek hakuwa na mume wala mtoto. Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kulowesha kokwa miaka yote hiyo kisha akae nje ya mlango, ananusa.

Alikuwa amemwomba mwenye nyumba mara tatu: picha moja ndogo, pembeni, na jina lake chini. Mara zote tatu alijibiwa, "Tutaona, Bibik."

Mwenye nyumba alikuwa Baba Keng Swee, mjukuu wa marehemu, mwanamume wa miaka hamsini na moja aliyechana nywele kwa mafuta na kuvaa shati la batiki hata anapokwenda benki. Gek ndiye aliyemlea. Alimpakata, alimtafunia samaki amtoe miiba, alimpuliza magoti alipoanguka. Keng Swee aliyakumbuka hayo yote na aliyasimulia vizuri mbele ya wageni, isipokuwa katika masimulizi yake aliyempakata alikuwa bibi yake.

Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya Nyonya Siok Hoon. Saa nne na nusu Gek alibeba chakula mpaka sebuleni: kuku wa keluak, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mchuzi wa soya, samaki wa ukwaju, bakuli la pilipili ya kutwanga, wali. Keng Swee aliwasha udi, akainama mara tatu, akaita, "Bibi Siok Hoon, karibu ule."

Wakangoja. Udi ulipofika nusu, alichukua sarafu mbili za zamani na kuzirusha sakafuni, maana ndivyo mfu anavyoulizwa kama ameshiba. Moja ikilala uso juu na nyingine uso chini, amemaliza, na walio hai wanaweza kula. Zote zikilala uso chini, bado. Zote zikilala uso juu, anacheka, na hapo pia ni bado.

Mara ya kwanza zote zililala uso chini. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu zote zilitazama juu.

"Anacheka," alisema Gek.

"Anacheka nini?"

"Ukimpa nafasi labda atasema."

Hapo basi kubwa lilisimama mbele ya mlango. Lilikuwa na watalii thelathini na wanane kutoka Kuala Lumpur, waliotarajiwa saa sita. Jumba la makumbusho walilopaswa kuzunguka kwanza lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mchwa. Kiongozi wao, msichana mwenye kibendera cha njano, aliingia na kuuliza kama wanaweza kula sasa hivi, kwa kuwa watu wake walikuwa wameanza kununiana.

Keng Swee aliutazama mlango. Alizitazama sarafu. Akainama kana kwamba anafunga kiatu, na kwa dole gumba akaigeuza moja.

"Amemaliza," akasema.

"Baba, umeigeuza kwa dole," Gek alimwambia taratibu.

"Imejigeuza, Bibik. Peleka kuku meza ya nne, wale ndio wa kupiga picha."

"Nyonya Mkubwa hajamaliza kula."

"Kala miaka ishirini na miwili. Atamalizia mwakani."

Gek alichukua bakuli la kuku. Alipogeuka nyuma alimwona Nyonya Siok Hoon ameshika ukingo wa fremu yake, anainua mguu mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu wa mtu anayetoka kwenye beseni la kuogea. Alikanyaga meza ya mababu bila kugusa mshumaa, akashukia kwenye kiti, akashukia sakafuni. Alivaa kanzu ya kahawia, ile aliyopigiwa picha, na pini tatu za dhahabu kichwani. Kwenye fremu kilibaki kiti cheusi na pazia. Alinyoosha kanzu yake na kumfuata kuku wake.

Meza ya nne walikaa watu watatu. Alvin alikuwa mtu wa kuonja vyakula na kuvisema kwenye simu, na watu wengi sana walimfuata. Serene alikuwa mkewe, kazi yake kushika taa. Wa tatu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ipoh, Mwalimu Foong, mjane aliyesafiri peke yake na kupangiwa kukaa na hao kwa kukosa pa kumweka. Kiti cha nne kilikuwa na mfuko wa Alvin.

"Ondoa mfuko," alisema Nyonya Siok Hoon.

"Samahani, mama, meza hii ni yetu."

"Hicho ni chakula changu. Mimi ndiye marehemu."

"Aha," Alvin alisema. Akauondoa mfuko. "Basi sogea upande huo, tafadhali. Hapo unaziba mwanga."

Nyonya Siok Hoon alikaa na kunawa. Alikula kwa ncha za vidole vitatu, kwa adabu, akizirundika kokwa tupu pembeni mwa sahani. Alvin alipiga picha kokwa yake pande nne, akaifungua, akatazama ndani, akasema inafanana na tope, akaisukuma kando. Aliiambia simu kwamba ladha yake ina kina kirefu. Alikuwa bado hajailamba.

"Ichokonoe kwa kijiko," Nyonya Siok Hoon alimwambia. "Hiyo imelowekwa siku tano, ikafunguliwa kwa nyundo, ikatolewa nyama, ikatwangwa pamoja na nyama ya nguruwe, ikarudishwa ndani moja moja. Wewe unaiacha kama ganda la chungwa."

"Kumbe wewe ndiye uliyepika," Serene alisema, akilinganisha uso wake na jina kwenye leso. "Mapishi ya mikono yake."

"Mimi? Sijawahi kushika mchi."

"Unatania, bibi."

"Nitanie nikiwa nimekufa, nipate nini?" Nyonya Siok Hoon alifuta vidole. "Sikilizeni. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mshenga alikuja kwa baba yangu. Alikaa sebuleni karibu na mlango, akanywa chai, akasikiliza mchi. Zamani mke alichaguliwa hivyo. Mchi ukienda sawasawa, binti ana akili na subira. Ukisitasita, mvivu. Siku ile mchi ulikwenda kama mapigo ya moyo. Mshenga akasema, huyu ndiye. Mimi nilikuwa ghorofani najipaka poda."

"Nani alikuwa anatwanga?" aliuliza Mwalimu Foong.

"Msichana wa jikoni."

"Aliitwa nani?"

Nyonya Siok Hoon alifikiri, kokwa mkononi. "Sikumbuki," alisema. "Alikufa kwa homa. Alitwanga vizuri." Akaendelea kula. "Na hiki amepika Gek. Yuko nyuma huko. Kila mlichokula humu ni cha Gek. Hizo sifa zilizobandikwa ukutani ni za Gek. Jina langu limewekwa tu kama kifuniko cha chungu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini sauti ya wafu husikika chumba kizima. Meza zote zilisikia. Keng Swee, akiwa na sahani mbili mikononi, alisikia. Alitabasamu, akaweka sahani chini na kupiga makofi mara mbili.

"Wageni wapendwa," alisema, "bibi yetu ni mcheshi tangu zamani."

Watalii wote wakapiga makofi. Alvin alimwomba Nyonya Siok Hoon aseme tena sehemu ya kifuniko cha chungu, lakini akiwa ametazama dirishani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeinuka. Mwalimu Foong alichukua sahani yake mwenyewe na kutembea nayo nyuma, akipita vyumba viwili na ua, mpaka jikoni. Kokwa zake alikuwa amezichokonoa zote zikawa safi. Letchumi alizitazama, akamfutia kiti kwa aproni yake.

"Ni wewe Gek?" mwalimu aliuliza.

"Ni mimi, mama. Chumvi imezidi?"

"Haikuzidi. Nimekuja kusema ahsante."

Gek hakujua mikono yake aiweke wapi. Mwisho alimpa mwalimu kipande cha keki ya mchele, ile ya buluu, aliyokuwa amejiwekea. Mwalimu aliila yote, akaomba namna jina linavyoandikwa. Gek alisema hajui, hakusoma. Basi mwalimu aliliandika mwenyewe kwa kalamu kwenye leso ya karatasi, herufi tatu kubwa, akamwonyesha. Gek aliligusa kwa kidole kikavu ili asilichafue. Hapo basi likapiga honi mara tatu, na mwalimu akaondoka mbio kidogo, kama wanavyokimbia watu wa umri wake. Leso aliisahau mezani. Letchumi aliibandika ukutani kwa ute wa wali, juu ya karo la kuoshea vyombo.

Baada ya chakula, Nyonya Siok Hoon hakurudi kwenye fremu. Keng Swee alimwambia kwa upole kwamba wageni wameshaondoka. Akamjibu kwamba yeye si mgeni na bado ana njaa. Keng Swee alikaa mbali kidogo akafikiri. Jioni ile alimpigia simu kiongozi mwenye kibendera cha njano. Kufikia Jumatatu menyu ilikuwa na ukurasa mpya: Meza ya Nne, Kula na Marehemu, viti vitatu tu kwa siku, watoto hawaruhusiwi.

Watu walikuja. Walitoka Singapuri, Taipei, Melbourne. Walimkuta Nyonya Siok Hoon amekaa mahali pake, mgongo wima, akila kuku wa keluak. Kila siku aliwaambia maneno yale yale: hakushika mchi, mapishi ni ya Gek, Gek yuko nyuma. Wageni walitikisa kichwa wakitafuna. Mwingine aliandika kwamba mazungumzo ni mazuri ila kiti ni kigumu. Mwingine alilalamika kwamba marehemu hakumwuliza habari zake. Bwana mmoja wa chuo kikuu aliyafurahia sana maneno hayo, akasema yanaonyesha unyenyekevu wa wanawake wa zamani. Hakuna aliyefika jikoni. Njia ya chooni ilipita upande mwingine.

Saa nane, wageni wakishaondoka, Gek alimpelekea Nyonya Mkubwa chai. Alisimama. Miaka yote alisimama.

"Kaa, Gek," alisema Nyonya Siok Hoon siku moja.

"Viti vimeshafutwa, Nyonya Mkubwa."

"Nilikutesa?"

Gek alifikiri kwa haki. "Hukunitesa. Nilipougua tetekuwanga ulinipa shuka lako. Siku ya mwaka mpya uliniwekea paja la kuku."

"Sasa mbona sishibi?"

"Labda kwa sababu chakula chako kiliondolewa mapema."

"Siyo hicho. Nakula na bado ni njaa tupu. Wananiitia kupika ambako sikupika. Ni kama kulishwa picha ya chakula." Aligeuza kikombe. "Umemwomba Keng Swee ile picha yako?"

"Mara tatu."

"Mimi nimemwomba mara kumi na moja. Ananiambia tutaona."

Gek alikusanya vikombe. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza mtu. "Na ulipokuwa hai, Nyonya Mkubwa, mbona hukusema nitundikwe? Ulikuwa na miaka mingi."

Nyonya Siok Hoon alimtazama. Hakuona haya na hakukasirika. Alitafuta jibu la kweli, maana wafu hawana jingine.

"Halikunijia akilini," alisema.

"Ndiyo," Gek akajibu, akapeleka vikombe jikoni.

Baada ya miezi michache lilizuka lalamiko jingine. Wageni waliokosa nafasi meza ya nne walitaka angalau kupiga picha mbele ya meza ya mababu, na pale kwenye fremu kubwa kulikuwa na kiti kitupu na pazia. Mwanamke mmoja kutoka Penang aliandika kwamba mkahawa unaoonyesha fremu tupu unawadharau wateja. Keng Swee alisoma maneno hayo mara mbili. Kisha alitembea mpaka jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akachutama mbele ya kigoda.

"Bibik, kesho anakuja mpiga picha."

"Kumpiga nani?"

"Wewe. Tukutundike sebuleni, kwenye meza ya mababu. Si ndivyo ulivyotaka?"

Gek aliuweka mchi chini. Alishika uso wa Keng Swee kwa viganja vyake vyenye manjano, kama alivyokuwa akifanya alipomtolea miiba ya samaki. Keng Swee naye alilengwalengwa na machozi kidogo. Alikuwa mtu wa machozi mepesi. Aliondoka akijifuta manjano kwa leso.

Asubuhi yake Letchumi alifika mapema. Alimwosha Gek nywele kwa maji ya ndimu, akazikausha, akampaka mafuta, akamfunga fundo na kulichoma pini tatu zilizotolewa kwenye sanduku la Nyonya Mkubwa. Kanzu ya kahawia, iliyotoka sanduku hilo hilo, ilikuwa pana mabegani, kwa hiyo aliikunja nyuma na kuibana kwa vibanio vya nguo.

"Usigeuke nyuma tu," alisema. "Ukigeuka utaonekana umeanikwa."

"Nimependeza?"

"Umependeza mpaka nakuonea wivu. Mimi nikifa watanichoma na aproni."

Walimkalisha kwenye kiti kile kile cheusi, mbele ya pazia lile lile. Mpiga picha alimwomba aweke mikono magotini na asiifiche, maana mikono ndiyo waliyotaka watu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Gek kukaa katika sebule ile. Alikaa dakika arobaini.

Picha ilitundikwa siku ya Jumatano, yeye akiwa anakuna nazi. Alingoja wageni watoke, akavua aproni, akapiga mswaki, akaenda mbele kujiona. Picha ilikuwa nzuri. Ilikuwa imetiwa kwenye fremu kubwa, ya katikati. Uso ulikuwa wake na mikono ilikuwa yake, mpaka kovu la kidole cha shahada. Chini yake kulikuwa na herufi za dhahabu. Gek hakusoma shule, lakini herufi hizo alizijua, maana alikuwa amezisugua kwenye sahani miaka ya mwanzo ya mkahawa, kabla Letchumi hajaichukua kazi hiyo. Kwa jina lake zilikuwa nyingi mno. Jina lake ni herufi tatu.

"Baba," alisema. "Hapa pameandikwa Nyonya Siok Hoon."

Keng Swee aliinua macho kwenye simu. "Ndiyo, Bibik. Hiyo fremu ni yake."

"Sura ni yangu."

"Si ulitaka picha? Hiyo ni picha yako, tena katikati, wakati wewe uliomba pembeni." Aliongea kwa upole wa kweli. "Jina siwezi kubadilisha. Liko kwenye sahani, leso, mifuko, kila kitu. Wageni wakiona jina jingine watauliza."

"Wakiuliza si utawaambia."

"Tutaona, Bibik."

"Keng Swee," Nyonya Siok Hoon aliita kutoka meza ya nne, "hilo jina ni langu. Mwandikie lake."

"Bibi, kula, kuku anapoa."

Nyonya Siok Hoon aliitazama fremu. "Basi kiti changu kimekaliwa," alisema, si kwa hasira, akaomba aongezwe wali.

Gek alirudi jikoni. Alimweleza Letchumi kwa maneno machache, akichambua pilipili. Alisema kwamba siku watakapoita, wataita jina lisilo lake mbele ya sura yake, na yeye hatajua kama aingie. Mtu hawezi kuingia kwa jina la mwingine. Ni utovu wa adabu.

Letchumi alisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Siku iliyofuata, saa ya kula, hakumwita Bibik. Aliitazama leso iliyobandikwa juu ya karo, akasema kwa sauti, "Gek, karibu ule."

"Mbona unaniita hivyo? Bado nipo hai."

"Najizoesha."

"Wewe si wa mababu wetu. Kwenu mnaita kwa namna nyingine."

"Namna ya kwetu ni ya kwetu. Hii nimeisikia humu humu. Kula."

Tangu hapo alimwita kila siku, na Gek alikula, akiwa amekaa kwenye kigoda, akichokonoa kwa kijiko chembamba kokwa ambazo wageni walizirudisha zikiwa zimejaa. Letchumi alikuwa na miaka sitini na moja, magoti yake yalikuwa mabaya, na Keng Swee alikuwa ameanza kuulizia bei ya mashine ya kuosha vyombo.

Mwaka ukazunguka. Gek alilowesha kokwa siku tano, kila asubuhi maji mapya, na siku ya kumbukumbu alibeba chakula mpaka sebuleni. Mabasi yalikuwa mawili na wageni walikuwa wamekwisha kukaa, simu mkononi, kwa kuwa sasa ibada hiyo nayo iliwekwa kwenye menyu. Keng Swee aliwasha udi. Aliinama mara tatu mbele ya picha ya Gek.

"Bibi Siok Hoon," aliita, "karibu ule."

"Nipo," alijibu Nyonya Siok Hoon kutoka meza ya nne, mdomo umejaa.

Keng Swee alirusha sarafu. Zilizunguka sakafuni, moja ikalala uso juu na nyingine uso chini, mara ya kwanza tu, bila kuguswa. Wageni walipiga makofi na kuanza kula.

Gek alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa sebule, mikono imelowa, akisikiliza mpaka mwisho kama kuna jina jingine litakaloitwa. Halikuitwa. Bakuli la kuku lilipita mbele ya picha yenye sura yake likienda meza ya nne. Akarudi jikoni, akainua ndoo, akamwaga maji chini ya mchaichai.